Mnara wa Ras Mkumbi: Kiaramu na Nasaba ya Istilahi Zetu za Dini

1. Utangulizi

Mwisho wa kisiwa cha Mafia, upande wa kaskazini, ndipo ilipo Ras Mkumbi. Hapo umesimama mnara wa taa uliojengwa zama za Wajerumani, walioipata Mafia kwa mapatano yao na Waingereza ya mwaka 1890. Kijiji kilicho jirani ni Bweni. Nilifika huko kukusanya maneno ya uvuvi na ubaharia, lakini mkobani mwangu mlikuwa na kazi nyingine isiyohusu bahari: rasimu ya orodha ya istilahi za dini, iliyoletwa mezani kwangu na taasisi moja ili itolewe maoni kabla ya kuingizwa katika vitabu.

Rasimu ile ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa wasomaji kadha, na kila mmoja aliacha alama yake pembeni. Penye maneno kanisa, kasisi na msalaba palikuwa pameandikwa: "Kiarabu, litafutwe la Kibantu." Penye zaka, mkono mwingine uliandika: "La Kiislamu, lisitumiwe na Wakristo." Penye sala, mkono wa tatu ulitaka Waislamu waandike swala na Wakristo waandike sala, ili kila watu wabaki na lao.

Jioni mzee mmoja wa Bweni alinifikisha chini ya ule mnara wa taa. Baada ya shikamoo na mazungumzo ya hali, nilimwuliza jengo lile wao hulitaje. Akajibu, "Mnara." Nikamwuliza, na lile la msikitini? "Mnara vilevile, mwanangu. Taa ya kuongoza vyombo na sauti ya kuita watu, vyote vyataka mahali pa juu." Kwake yeye mambo yalikwisha hapo. Kwangu mimi ndipo yalipoanza, kwani neno mnara nalo limetokana na Kiarabu, na kwa kanuni ya wale wahakiki wa rasimu lingestahili kufukuzwa kutoka Ras Mkumbi.

Makala haya yanakusudia kuihakiki fikra iliyoizaa rasimu ile. Nitajaribu kuonyesha kwamba maneno mengi tuyaitayo ya Kiarabu, na kwa hiyo ya Kiislamu, yalikwisha kutumiwa katika ibada za Wayahudi na Wakristo karne nyingi kabla ya kufika kwetu, nayo yalitumiwa katika lugha ambayo kamusi zetu haziitaji: Kiaramu. Ikiwa hivyo ndivyo, basi ugomvi wa kugawana maneno hayo baina ya dini na dini hauna msingi.

2. Lugha ya makarani

Kiaramu ni ndugu wa Kiarabu na Kiebrania katika jamii ya lugha za Kisemiti. Kilisemwa kwanza na Waaramu wa nchi ya Shamu, watu ambao hawakuwahi kuwa na himaya kubwa. Hata hivyo lugha yao ilienea kuliko lugha za waliowatawala. Waashuri waliitumia, na baada yao wafalme wa Uajemi, waliotawala tangu karne ya sita hadi ya nne kabla ya Kristo, waliifanya lugha ya barua na hati za serikali kutoka Misri hadi mipaka ya Bara Hindi. Haikuenezwa na askari. Ilienezwa na makarani, wafanyabiashara na wafasiri. Sisi tunaotumia lugha iliyosafiri na misafara ya biashara, kisha ikachukuliwa na Wajerumani kuwa lugha ya maakida na maliwali wao, hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hilo.

Kutoka ofisini lugha hiyo iliingia ibadani. Sehemu za vitabu vya Danieli na Ezra katika Biblia ziliandikwa kwa Kiaramu. Wayahudi wa kawaida walipokuwa hawakifahamu tena Kiebrania vizuri, msomaji alisoma Taurati kwa Kiebrania katika sinagogi, na mtu mwingine akaieleza kwa Kiaramu ili watu wapate maana. Talmudi ya Babeli kwa sehemu kubwa ni ya Kiaramu, na hata leo Myahudi aliyefiwa huwaombolezea wazazi wake kwa sala ya Kaddish, ambayo karibu yote ni ya Kiaramu.

Yesu wa Nazareti alisema Kiaramu. Ndiyo maana Agano Jipya, ingawa liliandikwa kwa Kiyunani, limehifadhi maneno kama Aba, Efatha, Talitha kumi na Maranatha. Baadaye lahaja ya mji wa Edessa, iitwayo Kisiriaki, ikawa lugha kuu ya makanisa ya mashariki. Ilifika hata pwani ya Malabar katika Bara Hindi, ng'ambo ya bahari hii hii ambayo majahazi huivuka kwa pepo za kaskazi na kusi. Wakristo wa huko waliendesha ibada kwa Kisiriaki kwa karne nyingi, na mpaka leo huiita misa yao Kurbana. Ethiopia pia haikukosa: maneno ya Kigeezi kama haimanot, maana yake imani, na orit, maana yake Taurati, yaliazimwa kutoka Kiaramu.

Kwa hiyo Uislamu ulipodhihiri katika karne ya saba, Kiaramu kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya elimu na dini katika nchi zilizoizunguka Arabuni. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi yaeleza kwamba Mtume Muhammad alimwagiza mwandishi wake, Zaid bin Thabit, ajifunze Kisiriaki.

3. Kamusi zinapoishia bandarini

Mwandishi wa kamusi ya Kiswahili akikutana na neno kama kasisi, hulitia alama ya Kiarabu akasonga mbele. Ndivyo alivyofanya Johnson katika kamusi sanifu ya mwaka 1939, na ndivyo ilivyo desturi mpaka leo. Alama hiyo si ya uongo. Yatuambia neno lilipandia chombo bandari gani. Kosa ni la msomaji anayedhani kwamba bandari ndiyo shamba.

Shamba lenyewe limechunguzwa zamani. Siegmund Fraenkel alitoa mwaka 1886 kitabu kizima juu ya maneno ya Kiaramu yaliyomo katika Kiarabu, na Arthur Jeffery akatoa mwaka 1938 kingine juu ya msamiati wa kigeni katika Kurani. Wala mtu asidhani kwamba huu ni uzushi wa Wazungu. Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika juu ya maneno ya Kurani yaliyonasibishwa na Kisiriaki, Kihabeshi, Kiajemi na lugha nyinginezo. Huyu ndiye mmoja wa waandishi wawili wa Tafsiri ya Jalalaini, kitabu kinachojulikana sana na masheikh wa pwani yetu.

Tuyatazame basi baadhi ya maneno yaliyotiwa alama katika rasimu ile.

Kanisa. Kiarabu ni kanisa, nacho kimelipata kutoka neno la Kiaramu knishta, lenye mzizi wa maana ya kukusanya. Wayahudi walilitumia kwa mkutano wao wa ibada. Kwa hiyo mhakiki aliyependekeza "mkutano" badala ya kanisa alilifukuza neno kwa mlango wa mbele, akaiingiza tafsiri yake kwa mlango wa nyuma.

Kasisi. Kurani yenyewe, katika Sura ya Maida, inawataja makasisi, na inawataja kama watu wa dini ya Kikristo. Neno limetoka Kisiriaki kashisha, maana yake mzee. Makanisa yetu yana makasisi na pia yana wazee wa kanisa. Waumini wachache wanajua kwamba cheo kimoja ni kivuli cha kingine.

Msalaba. Mzizi wake umo katika Kiarabu salib, na wataalamu wameufuata hadi Kisiriaki sliba. Kulikataa neno hili katika vitabu vya Kikristo kwa kuwa lina sura ya Kiislamu ni jambo la kustaajabisha.

Sala. Hapa ushahidi umo mikononi mwa kila mtoto wa chuo cha Kurani, Bweni na kwingineko. Katika msahafu neno hili, katika umbo lake la kawaida, huandikwa kwa herufi ya wau, ilhali husomwa kwa alifu. Kwa nini? Wataalamu huiona wau ile kuwa ni alama ya matamshi ya Kiaramu, slota. Neno zaka nalo huandikwa vivyo hivyo, na Kiaramu chake ni zakuta. Wayahudi na Wakristo wa Shamu walisali kwa neno hilo kabla ya Waarabu kulipokea, na sauti nzito inayoandikwa sw katika swala imo pia katika neno la Kiaramu. Hivyo pendekezo la kuwagawia Waislamu swala na Wakristo sala halina mashiko katika historia. Katika Kiswahili cha leo litaleta hasara tu: mwalimu wa shule atafundisha tahajia mbili za neno moja, na moja ya hizo tayari ni jina la mnyama wa porini.

Tafsiri na tarjuma. Haya yanatuhusu sisi wenyewe wa kazi hii. Tafsiri hurejeshwa kwenye Kiaramu pshar, kufumbua maana. Tarjuma imetoka kwa targmana, yule aliyesimama katika sinagogi akawaeleza watu maneno ya Kiebrania kwa lugha yao, na tafsiri zao ziliitwa Targumi. Neno lenyewe ni kongwe zaidi, maana Waakadi walikuwa nalo kabla ya Waaramu. Tukianza kuyafukuza maneno kwa ajili ya nasaba zao, na sisi tutoke ofisini pamoja nayo.

4. Tahadhari

Haitoshi, hata hivyo, kuona maneno mawili yanafanana tukasema moja limezaliwa na jingine. Mahali nilipoanzia makala haya panatoa mfano mzuri. Rasi ni Kiarabu ras, yaani kichwa. Kiaramu husema resha, Kiebrania rosh, na Waethiopia walilifanya cheo cha wakuu wao: Haile Selassie, kabla hajatawazwa mwaka 1930, aliitwa Ras Tafari. Hakuna aliyemwazima mwenzake hapa. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, nasi tuliomchukua mmoja wao tumemtia hata katika rasilimali, yaani kichwa cha mali.

Yapo pia maneno yanayodhaniwa kuwa ya jamii hii nayo si yake. Injili ni ya Kiyunani, na ilifika Arabuni kwa njia ya Ethiopia. Kalamu nayo yarejeshwa kwa Kiyunani.

Na mnara? Hapa wataalamu wenyewe wamegawanyika. Mzizi wake ni ule wa nuru, na unapatikana katika lugha zote hizo. Wako wanaosema kwamba manara ya Kiarabu imeazimwa kutoka Kiaramu menarta, kinara cha taa. Na wako wanaoona kwamba Waarabu waliweza kuliunda wenyewe. Lisilo na shaka ni walilolifanya Waswahili. Waliisikia ma ya mwanzo wakaifanya kiambishi cha ngeli, wakapata mnara na minara, kisha wakakata shina wakaunda kinara. Wafasiri wa Biblia walipohitaji jina la kile chombo cha taa cha hema ya ibada ya Waisraeli, Kiebrania menora, waliandika kinara. Neno lilikuwa limezunguka bahari likarudi kwenye maana yake ya kale, na aliyelirudisha ni sarufi ya Kibantu. Je, neno hilo ni la nani?

5. Jaribio la Roehl

Fikra ya wahakiki wa rasimu si mpya. Mmisionari wa Kijerumani Karl Roehl, aliyefanya kazi Usambara, aliamini kwamba Kiswahili kimelemewa na Kiarabu na kwamba Biblia ya Waafrika yafaa iandikwe kwa maneno ya Kibantu kadiri iwezekanavyo. Biblia yake kamili ilitoka mwaka 1937.

Tumtendee haki. Roehl alikuwa na sikio zuri la sentensi ya Kibantu, na aliona sawasawa kwamba tafsiri iliyojaa maneno yasiyoeleweka bara haimsaidii msomaji wa bara. Hoja ya kueleweka ni hoja halali katika kazi ya istilahi. Lakini hoja aliyoitia nguvu zaidi ni ya asili, nayo ndiyo iliyompoteza.

Mfano mmoja watosha. Badala ya kuhani aliandika mtambikaji. Bila shaka ni neno lenye mzizi wa Kibantu, lakini tambiko katika makabila yetu ni ibada ya kuwaelekea wahenga, yenye masharti na mahali pake. Msomaji wa Usambara au Uluguru alipolikuta neno hilo hekaluni Yerusalemu, alielewa upesi, ila alielewa jambo jingine. Na neno lililokimbiwa lilikuwa na kosa gani? Katika Kurani, kahin ni mpiga ramli, mtu asiyesifiwa. Kuhani wa Biblia ya Kiswahili hana maana hiyo hata kidogo. Maana yake ni ile ya Kiebrania kohen na Kiaramu kahna, mtumishi wa madhabahu. Kwa maneno mengine, Roehl alilikimbia kama la Kiislamu neno ambalo katika Uislamu halina heshima, ilhali katika Uyahudi na Ukristo ni cheo kitukufu.

Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952 ilibaki na kuhani, na wasemaji wamekwisha kutoa hukumu yao: makuhani wamo vinywani mwa watu, na watambikaji wamebaki kwenye matambiko, mahali pao.

Kinyume chake, neno mtume ni la Kibantu, kutokana na kutuma. Waislamu hulitumia kwa Muhammad, Wakristo kwa Petro na Paulo. Mungu pia ni neno la Kibantu, na wote humwomba kwa jina hilo. Maneno haya hayakufaulu kwa sababu ya asili yake. Yalifaulu kwa kuwa maana yalikuwa nayo, na watu waliyakubali.

6. Jina la lugha yenyewe

Kabla ya kumaliza, hapana budi tulipatie jambo hili jina moja. Katika miswada inayonifikia nimekuta Kiaramu, Kiaramayo, Kiaramaiki na Kisuria. Napendekeza Kiaramu kwa lugha nzima, kwa kuwa linafuata jina la watu wenyewe na kanuni ya ngeli zetu: Mwaramu, Waaramu, Kiaramu. Kwa lahaja ya makanisa ya mashariki litumike Kisiriaki. Kisuria halifai, kwani msomaji aweza kudhani ni Kiarabu kisemwacho Syria siku hizi, mbali ya kuwa suria katika Kiswahili ana maana yake.

Wafasiri wa maelezo ya Biblia wajihadhari na jambo moja zaidi. Injili ya Yohana yasema kwamba Golgotha na Gabatha ni majina ya Kiebrania, ilhali maumbo yake ni ya Kiaramu. Mwandishi aliita Kiebrania lugha iliyosemwa na Waebrania wa siku zake. Mfasiri hana ruhusa ya kusahihisha matini, lakini ana wajibu wa kumweleza msomaji chini ya ukurasa.

7. Hitimisho na mapendekezo

Wanazuoni wa Kiislamu wa kale walijadiliana kama yamo maneno ya kigeni katika Kurani. Wengine walikataa kabisa, wakisema Kurani ni ya Kiarabu kitupu, wengine walikubali. Abu Ubaid al-Qasim bin Sallam, aliyefariki mwaka 838, aliwapatanisha. Alisema asili ya maneno hayo ni ya kigeni, lakini Waarabu waliyachukua wakayatia katika ulimi wao, yakawa ya Kiarabu kabla Kurani haijashuka. Basi kila upande una haki yake. Sijaona kanuni bora zaidi ya hii kwa kazi yetu. Neno lililokwisha kuingia katika ngeli zetu, likazaa wingi na udogo na vitenzi, ni neno la Kiswahili, liwe lilitoka wapi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, maelezo ya asili katika kamusi na orodha zetu yaonyeshe njia ya neno pale inapojulikana, mathalani "Kiaramu kupitia Kiarabu", wala yasiishie bandari ya mwisho. Pili, istilahi isikataliwe wala kukubaliwa kwa ajili ya asili au dini inayodhaniwa kuwa yake. Ipimwe kwa maana, kueleweka na mazoea ya wasemaji. Tatu, panapokuwa na tofauti ya kweli baina ya dini na dini, tofauti hiyo iwekwe katika fasili na si katika tahajia. Zaka ya fedha ya Mwislamu ni sehemu moja ya arobaini; zaka ya Biblia ni sehemu moja ya kumi. Neno moja lenye fasili mbili, kila moja na uwanja wake, halimchanganyi mtu aliyefundishwa vizuri.

Rasimu ile niliirejesha ikiwa na maoni ya namna hii, na maneno yote matano, kanisa, kasisi, msalaba, sala na zaka, nimeyatetea yabaki. Uamuzi ni wa kamati. Iwapo wasomaji, hasa walimu wa dini na wafasiri wa pande zote mbili, wanayo maneno mengine ya aina hii yanayobishaniwa, tafadhali wayaandike na kuyaleta, pamoja na mifano ya jinsi yanavyotumiwa kwao.